Manjano na binzari

Ukienda sokoni kununua binzari, taja ni ipi. Binzari nyembamba ni mbegu, wengine huiita jira au uzile. Binzari ya manjano ni shina linaloota chini ya udongo, ndugu wa tangawizi: ganda la kahawia, ndani rangi ya chungwa iliyokolea, na ukilimenya kucha hushika rangi hadi kesho. Unga wake ndio uliotupa rangi ya manjano, kama majani yalivyotupa kijani na majivu kijivu.

Jina hilo limewaponza wengine wakadhani manjano hutibu homa ya manjano. Haitibu, homa hiyo huletwa na virusi, na kinga yake ni chanjo.

Faida inayosifiwa hutokana na kurkumini, ambayo ni sehemu ndogo tu ya unga, na mwili huifyonza kwa shida. Mafuta na pilipili manga husaidia. Ndiyo maana napenda desturi yetu: kijiko kidogo kikaangwe na vitunguu, kisha tui. Vidonge vyake ni jambo jingine. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amuulize daktari kwanza.