Shemeji na duka lake la "balbu"

Najua nimeadimika. Nilikuwa na zamu za usiku mfululizo, nikirudi asubuhi ni kuoga, uji, kitanda. Leo niko mapumziko, Neema yuko shule, na nje theluji inaanguka kama pamba ya mto uliochanika. Nikasema acha nimjibu mdogo wangu wa Muheza, na wengine msome humo humo.

Alinipigia akaniuliza: "Dada, hivi shemeji bado anauza balbu tu?" Nikacheka mpaka basi. Lakini kisha akasema anataka kusomea umeme VETA, na anataka kujua kama kazi ile itamlisha. Hilo si la kujibu kwa simu, salio lingeisha. Kwa hiyo keti, mdogo wangu, nikupe historia.

Kwanza, hapa Ontario umeme watu wanauita "hydro". Mwezi wangu wa kwanza nilipoambiwa kuna bili ya hydro nikadhani ni ya maji! Jina hilo limetoka kwenye maporomoko ya Niagara. Na walioulilia umeme wa Niagara kwa sauti kubwa hawakuwa akina mama wenye giza jikoni. Walikuwa wenye viwanda vidogo vya miji ya ndani, ambao makaa ya mawe waliyategemea kutoka Marekani na yaliwagharimu. Kiongozi wao Adam Beck mwenyewe alikuwa na kiwanda cha maboksi ya sigara mjini London, hii London ya Ontario. Mwaka 1906 serikali ya jimbo ikaunda tume ya umeme, Beck akawa mwenyekiti. Tarehe 11 Oktoba 1910 umeme wa Niagara ukawashwa rasmi Berlin, mji ambao leo unaitwa Kitchener. Kauli yao ilikuwa umeme kwa bei ya gharama, na miji ndiyo iuze kwa wakazi wake.

Brampton nayo ikaunganishwa miaka ya mwanzo ya 1910. Wakati huo ilikuwa mji mdogo wa maua. Ndiyo, maua! Familia ya Dale ilianza kulima karne ya 19, ikawa na mabanda makubwa ya vioo, mawaridi yakisafirishwa mbali, na mji ukajulikana kama Mji wa Maua wa Kanada. Kwa hiyo shirika la umeme la mji lilikuwa na wateja wa aina hiyo: nyumba, maduka, mabanda, viwanda vichache.

Sasa sikiliza hapa, maana hiki ndicho kisa ninachokipenda. Umeme wa Niagara ulikuwa wa hezi 25. Kwa lugha nyepesi, mkondo ulikuwa unakwenda na kurudi mara 25 kwa sekunde. Huko kwenu ni 50, Marekani ni 60. Hezi 25 zilifaa mota kubwa za viwandani zinazozunguka polepole, lakini taa zilikuwa zinapepesa macho. Baya zaidi, mashine za kawaida kutoka Marekani hazikufanya kazi sawasawa, kwa sababu mwendo wa mota nyingi unafuata hezi. Saa ya ukutani iliyotengenezwa kwa hezi 25, ukiichomeka kwenye 60, inamaliza siku nzima kwa saa kumi tu. Fikiria ungefuturu mara ngapi!

Basi wakaamua kubadilisha. Kuanzia 1949 hadi 1959, mafundi walipita mtaa kwa mtaa kusini mwa Ontario, nyumba kwa nyumba na kiwanda kwa kiwanda, wakibadilisha mota za friji, mashine za kufulia, saa, pampu, mitambo. Miaka kumi ya kazi! Mtu angesema ni hasara. Lakini tazama kilichofuata.

Mwaka 1958 kampuni moja ya ujenzi ilitangaza mji mpya pembeni ya Brampton, ukaitwa Bramalea, uliopangwa tangu mwanzo kuwa na nyumba upande mmoja na viwanda upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya magari ya AMC ikafungua kiwanda Brampton, na umeme ulikuwa tayari wa hezi 60. Mwaka 1974 Bramalea na Brampton zikaunganishwa kuwa jiji moja. Mwaka 1986 AMC ikafungua kiwanda kingine kipya Bramalea, na mwaka uliofuata Chrysler ikainunua AMC yenyewe. Na shirika la umeme la mji likakua nao. Likauzwa kwa Hydro One mwaka 2001, na tangu 2017 liko chini ya Alectra.

Sasa tuje kwenye "balbu" za shemeji yako.

Kutoa umeme kwa kiwanda si sawa na kutoa kwa nyumba kumi kubwa. Nyumba hapa inatumia volti 120, na 240 kwa jiko. Kiwanda cha Kanada kinatumia njia tatu, volti 600, na kikubwa huwa na transfoma yake mwenyewe. Mota kubwa ikianza kuzunguka inavuta mkondo mara tano au zaidi ya kawaida yake, kwa sekunde chache, na waya ukiwa mwembamba majirani wanaona taa zinafifia. Ndiyo maana mteja mkubwa halipii uniti peke yake, analipia na kile kilele cha matumizi yake, kwa kuwa nyaya na transfoma lazima ziwe na ukubwa wa kukibeba hata kama ni cha robo saa.

Duka analofanya kazi Baba Neema ni tawi lililoanza kwa kuuzia mafundi wa majumbani. Swichi, soketi, nyaya, balbu kweli. Mtaa ukiisha kujengwa, wateja wanahamia mtaa mwingine. Meneja akaona bora kuwafuata wenye viwanda, ambao hawahami kila mwaka. Lakini mwenye kiwanda hataki balbu. Anataka breka ya volti 600 ya aina ile ile iliyoko kwenye mtambo wake wa miaka thelathini, na anaitaka usiku huu. Mstari wa uzalishaji ukisimama, mamia ya watu wamekaa mikono mifukoni na mshahara unatembea.

Kwa hiyo tawi likabadilika. Rafu za taa zikapunguzwa, zikaingia mota na vidhibiti mwendo. Wakapita viwandani wakiandika kila mtambo una kipuri gani, wakaviweka stoo kabla havijaulizwa. Mlango ukafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na simu ya dharura wakaigawana kwa zamu. Ikilia saa nane usiku, Baba Neema anavaa koti na kutoka kwenye baridi. Mimi namwelewa, kwa sababu wodini tuna toroli la dharura. Dawa zake nyingi hazitumiki kwa miezi, lakini siku ya kuhitajika hakuna muda wa kwenda kununua.

Lakini sasa la pili, na hapa mniwie radhi kama nitaharibu utamu.

Kile kiwanda cha magari cha Bramalea, ambacho siku hizi ni cha Stellantis, kilisimamisha uzalishaji Desemba 2023 ili kibadilishwe mitambo. Watu kama 3,000 wakasubiri. Oktoba 2025 kampuni ikatangaza kwamba gari lililotarajiwa kutengenezwa pale litatengenezwa Illinois, Marekani. Kwenye basi watu walikuwa kimya siku ile.

Nikakumbuka nyumbani. TANESCO ilipoanzishwa mwaka 1931, Tanga ilikuwa nchi ya mkonge. Maporomoko ya Pangani yalifungwa mitambo miaka ya 1930, na mtambo wa Hale wa megawati 21 ukafuata mwaka 1964. Wateja wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge na korona zake. Miaka ile nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na babu yetu akabaki anatuonyesha korona iliyoota nyasi. Maji ya Pangani hayakuacha kuanguka. Aliyeondoka ni mteja.

Brampton imepona mara kadhaa kwa sababu haikubaki na mteja mmoja. Maua yalipokwisha yalikuwapo magari, na leo kuna maghala, viwanda vya chakula, hata watengenezaji wa vifaa vya angani. Tawi la shemeji yako limejifunza hilo kwa uchungu. Mteja wake mmoja mkubwa, simtaji, amepunguza kazi mwaka huu, na saa za Baba Neema zimepunguzwa nazo. Mama, ndiyo maana za mwezi uliopita zilichelewa. Sikutaka kusema kwenye simu. Tuko salama, tunakula, msilie.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni hili. Soma umeme. Lakini usisomee kufunga balbu tu, wala usisomee mashine ya kiwanda kimoja. Jifunze njia tatu, jifunze mota, jifunze kusoma mchoro wa mtambo usioujua. Mteja akiondoka, ujuzi wako uweze kwenda kwa anayefuata. Ada ya muhula wa kwanza nimeshaiweka pembeni, hiyo haijaguswa.

Neema karibu anarudi, naye akifika njaa inafika. Msalimieni bibi, mwambieni kanga zilifika. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.