Miamba ya Malagarasi na visukuku vyake

Miamba ya Malagarasi ni matabaka ya mashapo ya kale yanayopatikana kusini-mashariki mwa Burundi, hasa katika nyanda za Mosso, na kuendelea hadi mkoa wa Kigoma nchini Tanzania. Humo mna mawe ya mchanga, matope yaliyogeuka jiwe, na chokaa yenye magnesi iitwayo dolomiti. Katikati yake imelala lava iliyoganda, ambayo umri wake umepimwa kuwa takriban miaka milioni 795. Ziwa Tanganyika lenyewe, ambalo mkazi wa Rumonge huliona kuwa la tangu na tangu, lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12 tu.

Visukuku vya zama hizo si mifupa wala makombe, kwa kuwa wanyama wenye viungo hivyo walikuwa hawajatokea duniani. Katika dolomiti ya Ilagala, kusini mwa mji wa Kigoma, mna stromatoliti: mawe yenye tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Yalijengwa na sianobakteria, viumbe wadogo mno wanaojilisha kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Utando wao hunasa mashapo na chokaa, kisha utando mwingine huota juu yake. Ni viumbe wa jamii hiyo walioijaza hewa ya dunia oksijeni tunayoivuta.

Kazi hiyo haijakoma. Stromatoliti za siku za karibuni zaidi zimejijenga pia kwenye kingo zenye mawe za Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana magnesi kwa wingi. Kwa kuwa huhitaji mwanga, hukua karibu na uso wa maji. Kwa hiyo zile za kale huwaonyesha wanajiolojia kina cha ziwa kilipokuwa zamani.

Ushahidi huo unawahusu wakazi wa leo. Mwaka 1878, baada ya kupanda kwa miaka mingi, maji yalifungua njia kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha yakashuka kwa takriban mita 10. Mwaka 2024 yalikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za ukingoni, Rumonge zikiwemo, zikaingiliwa na maji. Ufuo wa ziwa hili haujawahi kutulia mahali pamoja, na anayejenga kando yake hana budi kulikumbuka hilo.