Kukabili hofu baada ya kubainika kuwa na saratani: yanayowahusu wagonjwa na familia mkoani Rukwa

Mkazi wa Sumbawanga anapoelezwa kuwa ana saratani, swali linalotangulia mara nyingi si la dawa bali la safari. Rufaa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na wanaohitaji tiba kwa mionzi kwa kawaida hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Lami ya Sumbawanga hadi Tunduma imepunguza adha ya njiani. Haikuondoa wasiwasi wa mkulima wa Laela au Matai anayeacha shamba la mahindi wakati wa palizi, watoto wakibaki kwa bibi na nauli ikitokana na magunia yaliyokuwa chakula cha nyumbani.

Hofu ya aina hiyo ina msingi, na kumwambia mgonjwa asiogope hakumsaidii. Kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, chakula kutopita na hasira za ghafla ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo. Kipindi kigumu zaidi huwa kile cha kusubiri majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwa uchunguzi, kwa kuwa mtu hana la kufanya isipokuwa kuwaza. Kinachopunguza uzito ni kuigawa hofu katika maswali yanayojibika: ugonjwa upo katika hatua ya ngapi, lengo la tiba ni kuponya au kupunguza makali, matibabu yatachukua wiki ngapi, nani atamsindikiza mgonjwa. Inafaa maswali hayo yaandikwe kwenye daftari na ndugu mmoja aingie pamoja na mgonjwa kwa daktari, kwa sababu mtu aliyeshtuka husikia neno saratani na kupoteza mengine yote. Kwa mzee anayeelewa vizuri zaidi Kifipa kuliko Kiswahili, ndugu huyo ndiye mkalimani pia.

Zipo familia zinazomficha mgonjwa jina la ugonjwa kwa kumhurumia. Huruma hiyo huleta madhara. Mgonjwa huona minong'ono na wageni wanaotoka wakifuta machozi, akajijengea picha mbaya kuliko hali halisi, na wengine huacha matibabu kwa kuwa hawajui wanatibiwa nini.

Wenyeji wengi wa Ufipa hufasiri jina Sumbawanga kuwa agizo la kuutupa uchawi, na si ajabu kwamba uvimbe usiopona huzua swali la nani kamtenda mgonjwa. Swali hilo huongeza hofu ya pili juu ya ile ya ugonjwa: hofu ya jirani, ya shangazi, ya mke mwenza. Miezi inayotumika kumtafuta mbaya ndiyo miezi ambayo uvimbe hukua. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua waganga waliosajiliwa, na mgonjwa anayetumia dawa za mitishamba hana sababu ya kujificha. Amweleze daktari, kwani baadhi ya dawa hizo zinaweza kugongana na matibabu ya hospitali.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini, huja na aibu yake. Husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na hapo ndipo ndoa hutikisika. Ukweli ni kwamba kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Majibu ya hospitali, basi, si ushahidi wa usaliti wa jana, na mume au mke anayeyatumia kama hati ya mashtaka anakosea. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja.

Wengi huogopa maumivu kuliko kifo. Maumivu ya saratani yanatibika kwa sehemu kubwa, ikiwemo kwa mofini ya maji inayotolewa chini ya usimamizi wa wataalamu, na huduma ya tiba shufaa haiwahusu wanaokaribia kufa pekee. Inaweza kuanza sambamba na matibabu.

Wasiwasi au huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, mgonjwa akijitenga hata na wanajumuiya wanaokuja kumwombea, akiacha kula au akisema afadhali afe, asiachwe peke yake. Hiyo yaweza kuwa sonona, ambayo ina tiba. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Msindikizaji naye achunguzwe, maana anayeuguza hulala kidogo kuliko anayeugua.

Asiye na uwezo wa kulipia aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka, ili suala la msamaha lishughulikiwe mapema. Ndani ya mfuko wa safari ziwepo barua ya rufaa, majibu yote ya vipimo, kadi ya bima kwa mwenye nayo, dawa anazotumia, na namba ya simu ya ndugu au mwenyeji atakayempokea, imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu betri ya simu inaweza kuisha njiani.