Mikono Ilipoadimika: Homa ya 1918 na Uchumi wa Kenya

Homa iliingia Mombasa mwishoni mwa Septemba 1918, kwa meli zilizotoka India. Bandari ilikuwa ingali katika pilikapilika za Vita Vikuu vya Kwanza, imejaa askari, wapagazi na shehena. Kutoka hapo ugonjwa ulipanda treni. Reli iliyokuwa ikiteremsha mazao ya bara hadi pwani iliupeleka Nairobi na Kisumu katika wiki chache, na kila stesheni ilikuwa na abiria wa kuuteremsha na kwenda nao kijijini.

Mafua ya kawaida huwaelemea wazee na watoto wachanga. Haya yaliwaandama zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, wale wanaolima, wanaobeba, wanaojenga na kulipa kodi. Watafiti wa siku hizi wamekadiria kwamba waliokufa Kenya walikaribia 150,000. Idadi kamili haipo, kwa sababu serikali ya wakati ule ilihesabu nyumba kwa ajili ya kodi, haikuhesabu watu.

Na homa ilizikuta nyumba zenyewe zimeshapungukiwa. Mwaka uliotangulia, 1917, ofisa wa kikoloni John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya wapagazi kwa ajili ya jeshi la Uingereza lililokuwa likimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, katika Tanzania bara ya leo. Machifu walitakiwa kutoa watu, na wanaume walichukuliwa kwa makumi ya maelfu. Mpagazi alilipwa rupia 5 kwa mwezi, zikapanda kidogo baadaye. Katika kikosi cha wapagazi hao, kilichoitwa Kariakoo, waliotoka Kenya na kufa walizidi 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Malipo ya wengi wa marehemu hao hayakuwafikia jamaa zao. Sioni namna ya kuliandika hilo bila uchungu: mtu alichukuliwa kwa nguvu, akafa kazini, na ujira wake ukabaki mikononi mwa serikali.

Waliorudi walirudi wamedhoofika, wakati mvua za 1918 nazo zilikuwa zimekataa. Ukambani na nchi ya Wakikuyu njaa ilifuatana na homa hadi 1919. Nyumba iliyolala wagonjwa wote haikupanda, na isiyopanda haikuwa na chakula cha kumuuguza mgonjwa.

Vita, homa na njaa vilifanya mikono iadimike. Kitu kikiadimika bei yake hupanda, na ndivyo ilivyowahi kutokea Uingereza kwenyewe. Tauni ya 1348 iliua theluthi moja ya watu wa huko au zaidi. Wenye ardhi wakaharakisha sheria ya mwaka 1351 ya kuwalazimisha vibarua kufanya kazi kwa ujira wa kabla ya tauni. Sheria ilivunjwa kila upande, maana hata mabwana wenyewe walinyang'anyana wafanyakazi kwa kuongeza malipo, na mishahara ikapanda. Kenya nako ilijaribiwa dawa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii serikali ilikuwa na vifaa vya kuifanya iwashike watu.

Kwanza, mahitaji ya vibarua yaliongezwa makusudi. Katikati ya 1919, katika ukumbi wa Theatre Royal jijini Nairobi, majina ya wanajeshi wazungu wa zamani yalichotwa kwa bahati nasibu ili wagawiwe ardhi. Mashamba zaidi ya 1,000 yalitengwa, na baadhi ya ardhi hiyo ilimegwa kutoka kwa Wanandi, jamii iliyokuwa imetoa wapagazi. Kila shamba jipya lilihitaji watu wa kung'oa visiki, kulima kitani na kuchuma kahawa, nao hawakuwepo.

Oktoba 1919 gavana Edward Northey akatoa waraka kwa maofisa wake: wawahimize wanaume waende mashambani kwa walowezi, na palipokuwa na shamba karibu, wanawake na watoto nao. Machifu walielewa neno "kuhimiza" lina maana gani likitoka kwa mkuu wa wilaya. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, ambaye vitani aliongoza kikosi cha wapagazi, aliupinga waraka huo hadharani katika kijitabu cha 1920, akiiita hali hiyo utumwa wa Uingereza.

Lakini waraka ulikuwa kelele tu ukilinganishwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikangoja vita viishe, ikaanza kushika tangu 1919. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 hakuruhusiwa kutoka nje ya eneo la kabila lake bila karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuanza kazi, kiwango cha mshahara, na tarehe ya kumwachilia mtu. Bila saini ya kuachiliwa, kuondoka kulikuwa kosa la jinai. Na mwajiri mwingine akifungua kikasha, alisoma mshahara wa zamani na hakuwa na sababu ya kuuzidisha. Kufikia mwisho wa 1920 vipande karibu 200,000 vilikuwa vimetolewa. Kibarua wa Uingereza wa karne ya 14 aliweza kutoroka usiku na kuuza nguvu zake kijiji cha pili. Kibarua wa Kenya alibeba shingoni karatasi iliyomsemea.

Kodi ikafuata. Ile ya nyumba, iliyokuwa rupia 3 kabla ya vita na kupandishwa hadi 5 wakati wa vita, ilifika 8 mwaka 1920. Fedha yenyewe nayo ilibadilishwa thamani. Kabla ya vita rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 serikali ikaamua ziwe 10. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000, ambalo lilikuwa pauni 1,000, akaamka anadaiwa pauni 1,500, huku mazao yake yakiuzwa kwa pauni London. Kisha bei za kitani, kahawa na mkonge zikaporomoka duniani. Walowezi wakatafuta pa kupunguza gharama, wakapaona haraka: mwaka 1921 walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi.

Hivyo, miaka mitatu tu baada ya homa kuua wenye nguvu, nguvu za waliobaki zilikuwa zikinunuliwa kwa bei ya chini. Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya hazina Nairobi, alilipinga jambo hilo waziwazi mwaka huo kupitia chama cha East African Association, akihutubia mikutano juu ya kipande, kodi na mishahara. Alikamatwa 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walisema vilikuwa vingi zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani. Kodi ile ya rupia 8, iliyokwisha kuhesabiwa kuwa shilingi 16, ilishushwa hadi 12. Kipande kiliendelea kuvaliwa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili.