Kubisha Mlango wa Seyyid: Ushawishi na Washauri katika Historia ya Unguja, 1844–1909

Kabla Injili haijahubiriwa Rabai, ilipita kwanza barazani kwa Seyyid Said bin Sultan. Mwezi Januari 1844 Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na Chama cha Misioni cha Waanglikana wa Uingereza, alishuka Unguja akiwa amefukuzwa Uhabeshi. Hakuvuka moja kwa moja kwenda bara. Alimwendea kwanza balozi wa Kiingereza, Hamerton, naye Hamerton akamfikisha mbele ya Seyyid. Krapf alitoka na barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, wapate kumtendea mema. Msomaji wa Nehemia sura ya pili hatashangaa, kwa kuwa Nehemia naye hakutoka kwa mfalme Artashasta bila nyaraka za kuwapelekea maliwali wa ng'ambo ya Mto.

Nimeanza na habari hii kwa sababu baadhi ya ndugu zetu katika huduma hudhani kwamba kuwaendea watawala ni jambo la siku hizi, tena ni jambo la wanasiasa. Neno lenyewe, ushawishi, halina sifa njema masikioni mwetu. Vitabuni tumelizoea katika habari za kuvutwa dhambini, na mtaani huandamana na bahasha. Hata hivyo kazi inayotajwa na neno hilo ni ya kawaida: kumwendea mwenye mamlaka, ana kwa ana au kwa kupitia wengine, ili atoe amri, aibadilishe au aizuie. Esta aliifanya. Tertulo, yule msemaji aliyekodiwa kumshtaki Paulo mbele ya Feliki, aliifanya pia, na kwa ufasaha mwingi. Wote wawili waliingia kwa mlango mmoja. Swali la kuuliza ni nani aliyewatuma, na ni nani aliyewashauri namna ya kuingia. Katika Afrika ya Mashariki sijui mahali panapofundisha swali hilo kuliko Mji Mkongwe wa Unguja.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi kulitazama Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lililojengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani aliyemwambia Seyyid alifunge soko lile. Mwenzake akamjibu upesi, "Wamisionari." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, na makala haya yametokana na upungufu wake.

Soko lilifungwa tarehe 5 Juni 1873, siku Seyyid Barghash bin Said alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Nyuma ya sahihi ile ilikuwapo kazi ya miaka. Mikataba ya awali, ule wa 1822 na ule wa 1845, ilikuwa imepunguza mipaka ya biashara bila kuikomesha. Watumwa waliendelea kuvushwa kutoka Kilwa na bandari nyingine za mrima hadi mashamba ya karafuu. Vyama vya misioni na Chama cha Kupinga Utumwa cha London vilifahamu kwamba kumlaumu Seyyid magazetini hakutamwachilia mtu hata mmoja. Aliyeweza kumlazimisha Seyyid alikuwa Serikali ya Uingereza, na aliyeweza kuisukuma Serikali hiyo alikuwa Bunge lake. Kwa hiyo walianzia Bungeni. Mwaka 1871 iliundwa kamati teule kuchunguza biashara ya watumwa ya Afrika ya Mashariki. Mbele yake walisimama watu walioijua Unguja kwa kuishi humo, kama Rigby na Churchill waliokuwa mabalozi, na Horace Waller aliyewahi kuwa katika misioni ya UMCA. Mwaka uliofuata zikafika barua za Livingstone zilizoletwa na Stanley, zenye habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871. Mikutano ya hadhara ikaitishwa. Kabla mwaka haujaisha Serikali ilikuwa imemteua Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, aende Unguja.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Frere alifika Januari 1873 akiwa na heshima zote: manowari, barua za malkia, na hata kasisi mjuzi wa Kiarabu, George Percy Badger, wa kumfasiria na kumshauri. Hata hivyo alishindwa. Barghash alimsikiliza kwa adabu, kisha akakataa. Sababu zake hazikuwa za kubuni. Tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imeing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Tangu uamuzi wa Canning wa 1861 Unguja ilikuwa ikidaiwa riale 40,000 kila mwaka kwa ajili ya Maskati. Waarabu wenye mashamba, ambao ndio waliokishika kiti chake, wasingemwelewa. Frere aliondoka Machi bila sahihi.

Aliyeipata ni John Kirk. Kirk alikuwa daktari na mjuzi wa mimea, aliyesafiri na Livingstone katika Zambezi, na alikuwa Unguja tangu 1866. Aliijua njia ya kwenda kwa Seyyid bila kupiga tarumbeta, na alijua ni mzee gani wa baraza anayesikilizwa na ni yupi anayepiga kelele tu. Hata hivyo tusimfanye malaika. Mapema Juni alipokea agizo kutoka London kwamba Barghash akiendelea kukataa, manowari zitaizingira Unguja. Ujuzi wa miaka saba na tishio la mizinga viliingia barazani pamoja, na wanahistoria bado wanabishana ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi. Mimi naona kwamba bila tishio Kirk asingefaulu mwaka ule, na bila Kirk tishio lingezaa vita. Kanisa lililosali kwa ajili ya siku ile halikuwa limesali kwa ajili ya manowari, lakini ndizo zilizokuja.

Sikukuu ya Krismasi ya 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile na kuitumikia lugha yetu kuliko wageni wengi, alizikwa humo mwaka 1882.

Niruhusiwe kutoka kidogo kwenye historia. Usharika mmoja niliowahi kuuhudumia uliomba kiwanja cha kujenga shule ya awali. Tuliandika barua nzuri, yenye mistari ya Maandiko, tukaipeleka kwa mkuu tuliyemfahamu kwa sababu alikuwa akihudhuria ibada. Tulingoja karibu miaka miwili. Baadaye karani mmoja mstaafu, mtu asiye na makuu, alituambia kwamba ofisi ile haikuwa na mamlaka juu ya ardhi ya namna ile hata kidogo, na kwamba kikao kilichohusika kilikuwa kimekutana mara tatu bila ombi letu kuwa mezani. Tulitafuta ushauri baada ya kukwama, wakati ulipaswa kutangulia barua ya kwanza. Waliokwenda Bungeni mwaka 1871 walijua jambo ambalo sisi, wenye shahada za theolojia, hatukulijua: kwanza uliza ni nani anayeamua.

Lakini ipo hatari ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kukosa mshauri. Ni kuwa na mshauri mwenye bwana mwingine.

Baada ya 1873 Barghash alimfanya Kirk kuwa mshauri wake wa karibu. Alikwenda London mwaka 1875, na mwaka 1876 akatoa amri za kuzuia misafara ya watumwa kutoka bara, akijitia katika hasira za watu wake mwenyewe. Akamwajiri ofisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews, kuunda jeshi. Kwa miaka kumi na zaidi aliamini kwamba akiwaridhisha Waingereza katika habari ya utumwa, nao watamlinda katika habari ya milki. Kirk mwenyewe, nadhani, aliliamini hilo kwa moyo mweupe.

Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara na nchi jirani akikusanya alama za machifu kwenye karatasi, na Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuilinda kampuni yake. Barghash alipinga kwa simu ya maandishi hadi Berlin, na akamtuma Mathews Kilimanjaro kuwapatanisha machifu na bendera yake. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake. Alimgeukia Kirk. Naye Kirk, kwa maagizo ya London, alimshauri akubali. Uingereza ilihitaji urafiki wa Bismarck katika mambo ya Misri, na mambo ya Unguja yalikuwa madogo mbele ya hayo. Mwaka uliofuata tume ya mataifa ya Ulaya ilimwachia Seyyid visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886, na Barghash alikufa Machi 1888.

Katika 2 Samweli tunasoma habari za Hushai Mwarki, aliyekaa barazani kwa Absalomu akimshauri huku moyo wake uko kwa Daudi. Sisi humsifu Hushai kwa sababu tunaisoma habari upande wa Daudi. Barghash alikaa upande wa pili wa habari ya namna hiyo, ingawa Kirk hakuja kwa hila kama Hushai. Alikuwa mtumishi wa serikali yake, na mshahara wake haukutoka Unguja. Barghash alilijua hilo siku zote, lakini hakujiwekea mshauri mwingine wa kupima naye maneno ya yule wa kwanza.

Sisi Walutheri tusisimame pembeni kama watazamaji. Julai 1887 Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam, akitumwa na chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886 na watu waliokuwa karibu sana na marafiki wa koloni. Mlango aliouingilia babu yetu huyu katika imani ulikuwa umefunguliwa na zile manowari za Agosti. Tunayo haki ya kuadhimisha mwaka 1887, na wajibu wa kukumbuka gharama yake, na ni nani aliyeilipa.

Turudi kwenye utumwa, maana mkataba wa 1873 ulikomesha uvushaji na masoko, lakini mtumwa aliyekwisha kuwa shambani alibaki mtumwa. Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na sasa waombaji walikuwa na hoja mpya: bendera ya Kiingereza inafunika utumwa. Chama cha Kupinga Utumwa kilimtuma Donald Mackenzie visiwani mwaka 1895 akachunguze, na maswali yakaulizwa Bungeni. Upande wa pili alikuwapo Balozi Mkuu Arthur Hardinge, aliyeandika kwa ustadi kwamba haraka italeta njaa, uzururaji na kuanguka kwa karafuu. Naye pia alikuwa mshawishi. Aliwasemea wenye mashamba na hazina ya serikali. Tofauti ni kwamba barua zake zilikuwa za kiofisi, wala hakuna aliyeziita ushawishi.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika dakika arobaini, Khalid bin Barghash akaondoshwa, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitoa amri kwamba mahakama hazitaitambua tena hali ya utumwa.

Wachungaji na wanafunzi wakisome kifungu kwa kifungu kilichoshindaniwa. Amri ile haikumwachilia mtu huru mahali alipo. Ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba. Akipewa uhuru, bwana wake alilipwa fidia kwa hasara yake. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Ilimpasa aonyeshe mahali atakapokaa na kazi ya kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Marafiki, wale tuwaitao Wakweka, waliofika Pemba mwaka huohuo wa 1897, waliona mambo hayo karibu na wakaendelea kulalamika kwa wenzao wa Uingereza. Ni mfano mzuri wa watu ambao hawakufunga daftari siku amri ilipotoka.

Ukizitazama kwa pamoja barua za miaka ile, utaona kwamba kila upande ulipata sehemu ya ilichokiomba. Waombaji wa London waliomba tamko la uhuru, wakalipata. Wenye mashamba, kwa mkono wa Hardinge, waliomba kazi isikatike na hasara ilipwe, nao wakapata. Watu waliohusika hasa, sauti yao ilifika kwa vinywa vya mabalozi, maofisa wa manowari na wamisionari. Walichokitaka wao tunakijua kwa matendo yao. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki mashambani wakapatana na mabwana wa zamani: siku kadhaa za juma kumfanyia kazi mwenye shamba, siku nyingine kulima muhogo wao chini ya mikarafuu, juu ya ardhi isiyo yao. Wengine walihamia Ng'ambo, ng'ambo ya mkondo uliotenga Mji Mkongwe, wakajenga vibanda na kutafuta vibarua bandarini. Misioni ya UMCA ilikuwa na shamba lake Mbweni, ilipowapa waliookolewa katika majahazi viwanja vya kukaa na kulima. Huko angalau swali la ardhi lilikuwa limeulizwa. Katika amri ya Seyyid Hamoud halikuwamo, kwa sababu halikuwamo katika ombi lililopelekwa London.