Lamu ilipinda, wengine wakabeti

Ukiwa Lamu, muulize mtu wa rika la mama yako kuhusu 2004. Homa iliingia mjini ikalaza watu nyumba kwa nyumba, viungo vimekaza, kupanda ngazi tu ni shughuli. Baadaye wanasayansi walipima damu za wakazi wakakuta karibu asilimia 75 wameambukizwa, yaani makadirio ya watu 13,500. Hebu soma hiyo namba tena. Ilikuwa chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kupindika, lililotokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Na usidhani ni mafuriko yaliyoleta mbu. Kulikuwa na ukame, watu wakaweka maji majumbani, mbu wakazaliana humo humo.

Kirusi hakikutulia. Mombasa, Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu waliugua. Hapo ndipo stori ya dawa inapoanza. Klorokwini, ile ya malaria, hutuliza pia uvimbe wa viungo, na kwenye maabara ilionekana kukizuia kirusi. Watu wakachangamka. Mwaka 2006 ikajaribiwa Réunion kwa wagonjwa 54. Haikusaidia kitu. Tena waliomeza klorokwini ndio waliolalamikia viungo zaidi miezi kadhaa baadaye!

Basi ungetegemea dunia imejifunza. Wapi! 2020 korona ikaja, klorokwini ikapigiwa debe upya, na huko Marekani wawekezaji wakaanza kubeti kwenye hisa za kampuni yoyote yenye dawa ya kutuliza uvimbe. Humanigen ilikuwa na moja ya majaribio, lenzilumab. Haiui kirusi, inatuliza kinga ya mwili iliyopandwa na wazimu. Hisa zikapaa. Septemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuiidhinisha, hisa zikaporomoka, na Januari 2024 kampuni ikaenda mahakamani kwa kufilisika.

Mimi sisemi wazo lenyewe ni bovu. Juni 2020 jaribio la RECOVERY kule Uingereza lilionyesha deksamethasoni inaokoa wagonjwa wa korona waliofikia kuwekewa oksijeni. Ni dawa ya kutuliza uvimbe pia, ila ya zamani na ya bei rahisi, kila kampuni inaitengeneza. Nani atapata utajiri hapo?

Na chikungunya? Mpaka leo haina dawa ya kuua kirusi chake. Ukiugua unapewa panadol, unaambiwa unywe maji na upumzike. Na Lamu, maji bado yanawekwa kwenye madumu.