Mwendesha Mashine na Utunzaji wa Mashine Yake

Katika viwanda vingi vya zamani palikuwa na desturi ya kutenga kazi mbili: mmoja aliendesha mashine, na mwingine aliitengeneza. Mwendeshaji akisikia mlio mgeni, hakuwa na ruhusa ya kukaza hata nati moja. Kazi yake ilikuwa kutoa mali tu. Huko Marekani Frederick Taylor aliipa nguvu fikira ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1911, akifundisha kwamba mwenye kupanga kazi na mwenye kuitenda wasiwe mtu mmoja. Twakubali kwamba mali iliongezeka. Walakini yule akaaye na mashine mchana kutwa ndiye aliyenyimwa neno juu ya uzima wake.

Waliogeuza desturi hiyo hasa ni Wajapani. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 walijifunza kwa Wamarekani kukagua mitambo kwa siku zilizopangwa, pasipo kungoja ivunjike. Njia hiyo ilianza kuingia kwao mwaka 1951, na kampuni ya Nippondenso, ambayo siku hizi huitwa Denso, ikaifuata katika viwanda vyake tangu mwaka 1960. Ndipo shida ilipotokea: mashine zijiendeshazo zilizidi kuwa nyingi, hata mafundi hawakutosha kuzizungukia. Basi ikaamriwa kwamba kufuta, kutia mafuta na kukaza kuwe kazi ya waendeshaji wenyewe, na mafundi washike matengenezo magumu. Mwaka 1971 kampuni ile ilipewa tuzo kwa utunzaji huo, naye Seiichi Nakajima akaieneza njia hiyo kwa mafundisho na vitabu, hata nje ya Japani.

Msomaji ataweza kuuliza, kufuta vumbi kuna elimu gani? Kwa kweli ndipo penye siri yote. Mkono upitao na kitambaa hugusa kila mahali: huona ufa mwembamba chini ya uchafu, huhisi joto lisilo la kawaida, hukuta bolti iliyolegea na mafuta yavujayo. Kufuta ni kukagua. Palipo na kasoro mwendeshaji hutundika kadi. Zile awezazo mwenyewe huzirekebisha, nyingine humngoja fundi. Kisha hutafuta uchafu watoka wapi, apazibe. Maana mashine ina uchakavu wa namna mbili: mmoja ni wa umri, usioepukika, wa pili huletwa na vumbi, ukavu na kulegea, na huu ndio uzuilikao kwa mikono ya kila siku.

Hata hivyo tusiisifu njia hii kupita kiasi. Bwana mwenye kiwanda aweza kuitumia kupunguza mafundi na kumtwika mwendeshaji kazi mbili kwa ujira mmoja. Nakajima hakufundisha hivyo. Yeye alitaka wakubwa na wadogo washiriki wote, na mwendeshaji afunzwe kwanza. Saa ya kufuta ni saa ya kazi, nayo yapasa kulipwa.

Vijijini kwetu twaijua mashine ya kusaga nafaka. Ikisimama, akina mama hurudi na debe la mahindi kichwani, au hutembea hata kijiji cha pili. Mara nyingi ubaya ulianza kidogo: unga uliingia katika beringi, mkanda ukalegea, chujio la hewa la injini likajaa vumbi. Yote matatu mwendeshaji huweza kuyaona asubuhi kabla ya gunia la kwanza, lakini kwanza injini iwe imezimwa kabisa, wala asipitishe kitambaa karibu na mkanda uendao, kwa kuwa mkanda hushika kitambaa na mkono pamoja. Nyundo zilizolika upande mmoja, au mtikisiko usiotulia hata baada ya kukaza, hayo ni ya fundi. Na fundi akifika, mwendeshaji asimame karibu, aonyeshwe.